Rangi Hii Ni ya Nani?

Mama yule alikuwa amekaa mstari wa tatu, kikapu chake kimeegemea mguu wa benchi. Mbele yake, ukutani, nilikuwa nimebandika ramani ya uhaba wa maji iliyonichukua wiki tatu kuichora. Niliipenda ramani ile. Maandishi yalisomeka hata kutoka nyuma ya ukumbi, mipaka ilikuwa myembamba, na rangi zilishuka kwa utaratibu kutoka kahawia iliyokoza hadi krimu. Nikaeleza kwamba kahawia ni pale watu wanapotembea mbali kutafuta maji, krimu ni pale maji yalipo karibu, na kwamba kaunti ndogo ya Imenti Kusini, walikotoka wengi wa waliohudhuria, iko katikati.

Mama akainua mkono. "Mwanangu," akasema, "hiyo rangi uliyotupaka sisi, ni ya nani?"

Sikumwelewa, akanifafanulia bila haraka. Dada yake ameolewa juu, karibu na msitu, ana mfereji uani. Yeye mwenyewe anakaa chini kabisa, ukishapita mashamba ya ndizi ya Mitunguu, na huondoka na mtungi kabla hakujapambazuka. Dada yake si wa katikati. Yeye pia si wa katikati. "Sasa huyo wa katikati ni nani? Anakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechukua kaya za juu zenye mifereji na kaya za chini zisizo na kitu, nikazijumlisha, nikazigawanya, kisha nikaipaka kaunti ndogo nzima rangi ya mtu ambaye hayupo. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeikagua mara mbili. Ramani ilikuwa safi, ilisomeka, na ilikuwa mbioni kumnyima mama huyu kisima, kwa sababu walioniagiza walikuwa wameshasema wataanza na maeneo ya kahawia iliyokoza.

Nachora ramani za takwimu katika Meru, Tharaka-Nithi na Embu, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka kumi. Nikiitaja, wengi hudhani mimi ni savea, nimekuja na vigingi kupima shamba la mtu. Savea anakuonyesha shamba lako linaishia wapi. Mimi nachukua nambari zilizolala kwenye jedwali, watoto waliokosa chanjo, kaya zisizo na choo, magunia ya mahindi, na kuziweka pale zilipotoka ili jicho lizione. Nilivutwa na kazi hii mwanzoni mwa 2008, nikiwa mwanafunzi, niliposikia kwamba Wakenya wachache wametengeneza Ushahidi, ramani ya intaneti iliyopokea taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi na kuziweka mahali zilipotokea. Mwaka uliofuata vijana wa Kibera wakaanza kuchora mtaa wao wenyewe, mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Mpaka wakati huo niliamini ramani hutoka Ruaraka tu, kwenye ofisi za upimaji za serikali, ikiwa imekunjwa tayari.

Anayetaka kuchora takwimu za huku kwetu lazima kwanza auelewe Mlima Kenya. Kilele cha Batian kina mita 5,199, na kutoka hapo nchi inateremka hadi nyanda za upande wa Mto Tana zilizo chini ya mita 600. Pepo zinazotoka kusini mashariki huugonga mlima, zikapanda, zikamwaga mvua upande wetu. Kwa hiyo nchi imejipanga kwa mikanda: msitu, chini yake chai, kisha kahawa, kisha mahindi na pamba, kisha mtama, mwisho ni mbuzi na miiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajerumani wawili, Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, waliichora mikanda hii kwa ajili ya Wizara ya Kilimo ya Kenya na kuipa majina ya mazao yake. Wakulima walikuwa wakisema hivyo tangu zamani. Ukimuuliza mtu wa Embu shangazi yake anakaa wapi, atakwambia "huko juu kwa majani chai" au "huko chini Mbeere", na ukishasikia hivyo unajua mvua yake, udongo wake, hata chakula chake cha jioni.

Mipaka ya utawala haiifuati mikanda hii. Inaikata. Mito yetu, Kathita, Thingithu, Mutonga, Thuci, inashuka kutoka mlimani kuelekea mashariki ikichonga mabonde, na kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi mrefu. Watu waliishi na kugawana ardhi mgongo kwa mgongo, na mistari mingi ya utawala ikashuka pamoja na mito. Ndiyo sababu kaunti ndogo moja inaweza kuanzia kwenye ukungu wa msitu na kuishia kwenye vumbi. Ukichukua wastani wake wa chochote, umekoroga chai na mbuzi kwenye sufuria moja.

Baada ya mkutano ule niliomba muda zaidi, nikaichora upya. Niliteremka kutoka kaunti ndogo hadi wadi, na kutoka wadi hadi kata ndogo, kisha nikazikata kata ndogo kwa kufuata mikanda. Nikatoa msitu. Nikatoa miteremko ya mabonde ambako hakuna nyumba. Kilichobaki ndicho nilichokipaka rangi. Baadaye niligundua kwamba njia hii ina umri mkubwa kuliko mimi: mnamo 1936 Mmarekani John K. Wright aliitumia kuchora msongamano wa watu wa Cape Cod, Massachusetts, akiondoa kwanza sehemu zisizokaliwa na mtu kabla ya kugawanya idadi ya watu kwa eneo. Aliona jambo lile lile alilolisema mama wa Mitunguu: rangi ikiwa haina mtu wa kuijibia, usiipake.

Lakini kukata vipande vidogo kuna gharama yake, na hapa ndipo penye usiku mrefu wa kazi hii. Utafiti wa maji ulikuwa umehoji kaya za kutosha kuzungumzia kaunti nzima, na labda kaunti ndogo. Nilipofika kwenye kata ndogo, nyingine zilikuwa na kaya chache mno. Kaya mbili zikijibu tofauti, eneo zima linahama kutoka krimu hadi kahawia. Ukibaki na vipande vikubwa unamficha mama. Ukikata vipande vidogo mno unawapaka watu rangi iliyotokana na majibu ya nyumba tatu. Sijapata kanuni ya kuniokoa hapo. Ninachofanya ni kuchora mistari ya mshazari juu ya kila eneo ambalo majibu yake ni machache, na kuandika kwenye ufunguo kwa maneno ya kawaida: "Hapa tumehoji nyumba chache, tembeleeni kabla ya kuamua." Mteja mmoja aliwahi kuniambia mistari hiyo inachafua ramani. Nikamjibu kwamba bila mistari hiyo siwezi kuweka jina langu chini yake, na nikaiacha ikae.

Hata nambari kubwa, zile za serikali zisizobishaniwa, zinaweza kugeuka mkononi. Sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru, 608,599 Embu na 393,177 Tharaka-Nithi. Ukigawanya kwa eneo, Meru ina watu 221 kwa kilomita ya mraba, Embu 216, Tharaka-Nithi 153. Mchoraji akiamua rangi ibadilike kwenye 220, Meru na Embu zitaonekana kama nchi mbili, kumbe zimepishana watu watano. Akiamua ibadilike kwenye 200, zitakuwa pacha. Programu ya kompyuta huchagua mpaka huo yenyewe usipoikataza, nayo haimjui Mmeru wala Mwembu. Mimi huziandika nambari zote kwenye mstari mmoja kwa mkono, kwenye karatasi, nione zinarundikana wapi na pengo la kweli liko wapi. Hapo kwenye pengo ndipo ninapobadilisha rangi.

Na hiyo 221 yenyewe, ni ya nani? Imehesabu ndani yake msitu wa mlima na sehemu kubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Meru, hifadhi yenye kilomita za mraba 870 za simba, faru na mikoche. Ukiipaka kaunti yote rangi moja, jicho la msomaji linanaswa na ile pembe kubwa ya mashariki ambako hakuna hata duka. Wadi za Imenti Kaskazini, Ntima na Nyaki, ambako nyumba zimebanana hadi mtu anasikia jirani akikoroga uji, zinakuwa vidoa visivyoonekana. Eneo kubwa hupiga kelele kwenye ramani hata kama ni tupu.

Nilijaribu nukta: moja kwa kila watu 100. Kwa Meru hizo ni nukta 15,457 hivi, na zikikaa vizuri zinapendeza, unaona watu walivyojikusanya kando ya barabara ya Maua na kwenye vilima vya Nyambene, walivyotawanyika kuelekea Timau. Mara ya kwanza kompyuta ilizirusha ovyo ndani ya kila mpaka, na nikakuta Wameru mia kadhaa wamepewa makazi kwenye mawe chini ya vilele. Ilibidi niizuie, kwanza kwa kutoa msitu na hifadhi, kisha kwa kutumia tabaka la majengo yaliyosomwa kutoka picha za setilaiti. Tabaka lile nalo lilihitaji kuangaliwa kwa macho, kwa sababu upande wa Timau lilikuwa limehesabu vibanda vya plastiki vya kukuzia maua kana kwamba ni nyumba za watu.

Nilipoionyesha ramani hiyo ya nukta huko Igembe, mzee mmoja aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. "Yangu ni ipi?" akauliza. Nilitaka kusema hakuna yake, kisha nikaona swali lake lina haki kabisa: nukta inadai kuwa mahali. Tangu siku hiyo naandika chini ya ufunguo kwamba nukta si nyumba ya mtu. Na takwimu zikiwa za ugonjwa, siweki nukta kabisa. Kijiji ni kidogo, watu wanajuana, na mtu hapaswi kujua habari za kifua cha jirani yake kwa kuangalia ukuta wa ofisi ya chifu.

Sasa niseme habari za ikweta, kwa sababu sijaona mahali pengine inapowatesa wachoraji kama huku. Mstari unapita kusini kidogo ya mji wa Meru. Kuna kibao, wageni hupiga picha. Kusini yake latitudo huandikwa na alama ya kutoa, kaskazini haina. Mtu wa Mombasa akisahau alama hiyo, Mombasa inaangukia kusini mwa Ethiopia na kosa linajitangaza. Huku kosa linajificha. Nkubu iko nyuzi 0.07 kusini. Siku moja karani aliingiza zahanati moja ya karibu na Nkubu bila alama ya kutoa, ikarukia nyuzi 0.07 kaskazini, kilomita 15 na nusu kutoka mahali pake, upande wa pili wa mji. Kwenye ramani ilionekana sawa: imekaa ndani ya kaunti, karibu na barabara, karibu na watu. Ilikaa hivyo miezi. Aliyeigundua ni dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri fotokopi, akaangalia skrini yangu, akasema, "Lakini hiyo si ya huko." Mimi nilikuwa nimeipitisha.

Vipimo vya mita navyo vina mtego wao hapo hapo. Kwenye mfumo wa gridi unaotumika Kenya, kaskazini mwa ikweta hesabu huanza kwenye sifuri na kupanda. Kusini huanza kwenye milioni 10 na kushuka. Kwa hiyo ndani ya kaunti moja una shule yenye kipimo cha 5,000 na nyingine, umbali wa safari ya asubuhi, yenye 9,992,000. Karani akiona tofauti hiyo hudhani moja imekosewa na kuifuta. Halafu kuna ramani za zamani za 1:50,000, zile ambazo kila aliyefanya jiografia kidato cha nne alizitumia kutafuta mahali kwa tarakimu sita. Zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Ukichukua nambari za mfumo mmoja na kuziweka kwenye mwingine bila kuzigeuza, kila kitu kinasogea karibu mita 300. Kwenye karatasi hiyo ni milimita 6, upana wa penseli. Kwenye mgongo wa ardhi wa Imenti, mita 300 zinakuvusha mto.

Majina je? Kompyuta huunganisha jedwali na ramani kwa majina, nayo inataka herufi kwa herufi. Meru ina wadi 45. Kuna Kiegoi/Antubochiu yenye mkwaju katikati, kuna Athiru Ruujine ambayo kila ofisi huiandika inavyoisikia, na kuna Akirang'ondu. Ile ng' yetu, ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaitamka bila shida, imeniharibia ramani nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ritifaa yake inaweza kuwa imenyooka kwenye jedwali na imepinda kwenye ramani. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni wadi mbili, na Akirang'ondu inabaki nyeupe. Weupe huo ukiingia kwenye mkutano, watu wanausoma kama sifuri: huko hakuna wagonjwa, hakuna shida, tuendelee. Sasa nyeupe siitumii kwa lolote. Mahali pasipo na takwimu napaka kijivu, na kijivu kina mstari wake kwenye ufunguo: "Hatujapata takwimu." Mahali penye sifuri ya kweli pana rangi yake. Ni tofauti ndogo kwa mchoraji, na kwa watu wa Akirang'ondu ndiyo tofauti ya kuwepo na kutokuwepo.

Umbali ndio ulionifunza unyenyekevu. Mipango ya afya hutumia kilomita 5: mtu aliye ndani ya kilomita 5 kutoka kituoni anahesabiwa kuwa amefikiwa. Njia rahisi ni kuchora duara. Niliyachora mengi, na kaunti ikajaa maduara yaliyopandana, karibu kila mtu yumo. Kisha nikaenda kwa miguu na mhudumu wa afya wa kijiji hadi nyumba iliyokuwa kilomita 3 kutoka kituo, ng'ambo ya Thingithu. Tuliteremka bonde tukishika migomba, tukavuka kwenye magogo, tukapanda upande wa pili kwa mikono na magoti. Saa moja na dakika arubaini. Mhudumu akaniambia mvua ikinyesha hakuna anayepita hapo, mjamzito hupelekwa kwa kuzunguka hadi barabara ya lami, na mzunguko huo ni zaidi ya mara nne ya ile kilomita 3. Duara langu lilikuwa limemhesabu kila mtu wa mgongo ule. Siku hizi nahesabu muda, nafuata njia zinazopitika, natoza mteremko na mto, na natengeneza ramani mbili: ya kiangazi na ya mvua. Kuziweka ubavu kwa ubavu, moja ikiwa imejaa na nyingine imekatikakatika kama nguo iliyoliwa na mende, kumewahi kufanya kazi ambayo ripoti ya kurasa nyingi haikuifanya.

Jambo jingine nililitambua kwa kuwatazama watu mikono. Kila nilipompa mtu wa Nkubu ramani, aliizungusha. Nilidhani hajui kusoma ramani, na nakiri kwamba niliwahi kumgeuzia mtu karatasi kwa kumsahihisha. Alikuwa akiuweka mlima juu. Ramani zetu zote huweka kaskazini juu, lakini kwa mtu wa mteremkoni neno "juu" tayari lina maana: ni kule uliko mlima, Kirimara. Kutoka Nkubu mlima uko magharibi. Kutoka Timau uko kusini. Kutoka mji wa Embu uko kaskazini, ndiyo maana watu wa Embu ramani huwakaa mkononi bila kuzungushwa. Sijageuza kaskazini, maana ramani zangu lazima zilingane na za ofisi nyingine. Lakini hakuna ramani inayotoka kwangu bila kilele kuonyeshwa, hata kama hakihusiani na takwimu zenyewe, pamoja na mito minne mitano mikubwa na barabara ya Embu hadi Meru. Mtu akiupata mlima na barabara, anajipata. Akishajipata, ndipo anaposoma rangi.

Kuhusu rangi zenyewe nitasema kidogo, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wangu hupenda kukaa siku nzima. Zisizidi tano. Zitoke kwenye uangavu kwenda kwenye giza, si kutoka nyekundu kwenda kijani, kwa sababu wako wanaume wasiotofautisha rangi hizo mbili, na kwa sababu ramani nyingi husomwa zikiwa fotokopi. Kabla ya kumkabidhi mteja, naipeleka kwenye saiba pale mjini, naitoa fotokopi nyeusi na nyeupe kwenye mashine iliyochoka kabisa, naipitisha mara mbili. Ikisomeka baada ya hapo, itasomeka kwa chifu wa Mikinduri. Na miezi ya uchaguzi nakaa mbali na manjano na rangi ya chungwa, watu wasije wakaona vyama mahali nilipoonyesha surua. Idadi naipa umbo, mduara mkubwa kwa watu wengi. Rangi naiachia viwango, wangapi kati ya mia.

Mipaka naichora kwa woga. Kuna mahali ambapo jamii hazijakubaliana mstari unapita wapi, na mstari wa kalamu yangu, niliouchukua kwenye faili bila kufikiri, unaweza kuwasha mkutano. Hapo natumia vidoti, naandika kwamba ramani hii inaonyesha maji na haiamui mpaka, na kabla ya mkutano naionyesha kwa wazee wa pande zote mbili. Wengine huniambia huo ni uoga. Mimi nimekaa kwenye mkutano uliovunjika kwa sababu ya mstari, na visima havikujadiliwa siku hiyo wala mwezi huo.

Ramani ya pili ya maji nilirudi nayo Imenti Kusini miezi miwili baadaye. Haikuwa nzuri kama ya kwanza. Ilikuwa na vipande vya ajabu, virefu na vyembamba, mistari ya mshazari hapa na pale, kijivu kwenye kona, na sehemu kubwa ya juu haikuwa na rangi kabisa kwa kuwa ni msitu. Lakini ukanda wa chini ulikuwa kahawia iliyokoza kutoka mwanzo hadi mwisho, ukishika hata wadi jirani, jambo ambalo ramani ya kwanza haikuweza kulionyesha. Mama alikuwepo. Alisimama mbele yake muda mrefu, akaupata mlima, akashuka na kidole kwenye barabara, akaiacha barabara, akafika. "Hii ni yangu," akasema.

Kisha akaomba biro. Tangu hapo huwa nabeba biro za ziada na nakala za kuchorwa, na napanga muda wa kuwaacha watu waandike. Siku ile walijipanga kwenye meza: kijana akachora daraja lililobebwa na maji, mwalimu akafuta shule iliyohamishwa, mama akaweka alama ya chemchemi iliyokauka, na mwingine akamzuia mkono, akasema haijakauka, imehamia chini ya mawe, na Agosti bado inatoa mtungi mmoja kwa saa. Chemchemi hiyo haimo kwenye karatasi ya 1:50,000. Nikawauliza inaitwaje. Walibishana kwa muda, wa mgongo huu wakisema hivi na wa ng'ambo wakisema vile, na wote walikuwa wamekunywa maji yake tangu utotoni. Nimeyaandika majina yote mawili, moja juu ya jingine, kwa herufi za ukubwa sawa.